Tanuri Bila Moto: Mjadala wa Alkemia ya Nafsi

Swali la baraza letu ni hili. Mtu wa leo akisema anafanya alkemia, na dhahabu yenyewe hana haja nayo, anachotaka ni nafsi yake igeuke, je, ana kazi ya kweli mkononi au anajipamba kwa maneno ya kale? Wazungumzaji wanne nimewabuni mimi, lakini hoja zao zina wenyewe, wengine hai na wengine waliokufa zamani sana. Mwenda Njia ni mama wa makamo, mhasibu kwa kazi, ambaye kila alfajiri huandika ndoto zake daftarini na kuzisoma kwa hatua za alkemia. Mwalimu anafundisha kemia sekondari. Ustadhi amezama katika tasawufi. Sonara ni mzee wa dhahabu na fedha, na ndiye aliyekuwa mzito kuja. Anasema watu wakizungumzia dhahabu ambayo haipo mezani, yeye hana la kuchangia.

MWALIMU: Dada, sina ugomvi na mtu anayetaka kutengenea. Ugomvi wangu uko kwenye hilo jina. Alkemia ilikuwa kazi ya mikono, kazi ya moshi na macho mekundu. Mafunjo ya Misri yaliyohifadhiwa Leiden na Stockholm, ya karne ya 3 au ya 4, ni mapishi matupu: jinsi ya kuifanya shaba ionekane kama dhahabu, jinsi ya kutia sufu rangi, jinsi ya kutengeneza vito bandia. Hakuna nafsi humo. Al-Razi, aliyefariki mwaka 925, aliyapanga madini yake mafungu mafungu kama muuza dawa anayejua rafu zake. Halafu mwaka 1850, Uingereza, binti mmoja aitwaye Mary Anne South, aliyekuja kujulikana kama Atwood baada ya kuolewa, akatoa kitabu bila jina lake akidai kwamba metali zilikuwa fumbo, na chombo chenyewe ni binadamu. Muda si mrefu yeye na baba yake wakahofu kwamba wametoboa siri takatifu, wakazikusanya nakala wakazitia moto. Hapo ndipo ilipozaliwa hiyo njia yako. Haina hata miaka mia mbili.

MWENDA NJIA: Umeanza na mapishi ukarukia Uingereza, Mwalimu. Katikati umemwacha nani? Zosimos wa Panopolis, mji ambao leo ni Akhmim, Misri ya Juu, aliyeishi mnamo mwaka 300. Huyo alijua mitambo ya kukenekea kuliko mtu yeyote wa zama zake. Ndiye aliyetuhifadhia habari za Maria Myahudi, ambaye mpaka leo wapishi wa Ufaransa wanalitaja jina lake wanapoweka bakuli juu ya maji ya moto. Na mtu huyohuyo ameandika njozi: madhabahu yenye umbo la bakuli, kuhani anakatwakatwa na kuchemshwa hadi mwili wake unakuwa roho, na mtu wa shaba anayegeuka wa fedha kisha wa dhahabu. Alipomwandikia Theosebeia, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake, hakumwambia tu achochee moto. Alimwambia atulie nyumbani, azizuie tamaa zake, amgeukie Mungu. Hiyo si Uingereza ya 1850.

MWALIMU: Zosimos nakupa. Lakini yeye alikuwa na tanuri pia. Wewe unalo?

Hapa Mwenda Njia hakujibu mara moja, nami nisingemlaumu. Ndilo swali lililonifanya niitishe baraza hili. Zosimos alikuwa na vitu viwili mkononi, njozi na chombo, na chombo kilipopasuka hakuna tafsiri ya njozi iliyoweza kukiunga. Anayebaki na njozi pekee hana kitu cha kumpinga.

USTADHI: Mniruhusu. Kwetu jambo hili si geni. Imam Ghazali mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu kwenye Nizamiyya ya Baghdad, kiti ambacho wanazuoni walikuwa wakikitamani, akaondoka akiwa mtu asiye na cheo. Baadaye aliandika kwa Kiajemi kitabu alichokiita Kimia ya Furaha, muhtasari wa kile kikubwa chake, Ihya. Humo anasema kimia, yaani alkemia, ya kugeuza shaba haipatikani katika kibanda cha kila ajuza, hupatikana kwenye hazina za wafalme. Basi na ile ya kugeuza moyo vivyo hivyo, imo katika hazina ya Mola, na waliopewa kuifikisha ni mitume. Kwa hiyo mimi sipingi kwamba nafsi inaweza kugeuzwa. Ninalouliza ni kama mtu anaweza kujipikia kibandani kwake.

MWENDA NJIA: Na Ibn Arabi naye, Ustadhi, ana mlango mzima juu ya kimia ya furaha katika kitabu chake cha Futuhat.

USTADHI: Mlango wa 167. Na umeona alivyousimulia? Wasafiri wawili wanapanda mbinguni. Mmoja anaitegemea akili yake, mwingine anamfuata mjumbe. Kila wanapofika, yule mfuasi anapokewa na mwenye mbingu hiyo, na mwenye akili anapewa elimu ya nyota tu. Walipanda pamoja, lakini hawakufikia mwisho mmoja.

MWALIMU: Na mimi nichomoe wangu kutoka rafu hiyohiyo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima ya mwaka 1377, anaikataa alkemia kwa sura nzima. Na amechomeka kijembe kitamu: Ibn Sina aliyesema haiwezekani alikuwa waziri mwenye mali, na Farabi aliyesema yawezekana alikuwa maskini. Anayeitetea zaidi ni yule ambaye mlango mwingine wa riziki umemfungikia.

Sonara alicheka kuliko wote.

SONARA: Huyo ningemuuzia pete kwa mkopo. Lakini Mwalimu, mbona mmekuwa mkizunguka? Kwangu kila siku analetwa mkufu. Mwenyewe anaapa kuwa ni wa bibi yake, dhahabu safi. Mimi simwiti mwongo. Nachukua jiwe jeusi, nasugua, nadondoshea tindikali, tunasubiri wote wawili. Ule mstari ukififia, viapo vyake havina kazi tena.

MWALIMU: Ibn Sina alisema hilohilo. Mafundi wanaweza kutia metali rangi hata ukadanganyika, lakini kuibadili aina yake hawawezi. Maneno hayo yalitafsiriwa Kilatini yakabandikwa kwenye kitabu cha Aristotle, wanaalkemia wa Ulaya wakahangaika nayo miaka na miaka wakidhani bwana mkubwa wa Ugiriki ndiye aliyewakana. Basi, dada yangu, hofu yangu ndiyo hiyo. Kwamba nafsi yako imepakwa rangi.

MWENDA NJIA: Ngoja nikwambie ninachofanya, maana mnazungumzia kitu msichokijua. Miaka kadhaa nyuma nilinyimwa cheo kazini, akapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Nilikuwa na barua ya malalamiko tayari, kurasa nne. Sikuipeleka. Niliiweka mbele yangu usiku baada ya usiku nikaisoma, mpaka nikaona kwamba katika kurasa nne, kurasa tatu zilikuwa wivu. Wazee wa alkemia wanaita hatua hiyo weusi: kitu kinaoza, kinanuka, na mtu anatamani kufungua chombo ili harufu itoke. Sheria yao ni usifungue. Baadaye huja weupe, baadaye wekundu. Mimi ninakaa sana kwenye weusi, sikufichi. Lakini bila ramani hiyo ningekuwa nimeipeleka barua na kujiona shujaa.

USTADHI: Hilo la kurasa tatu limenigusa.

MWENDA NJIA: Na kwa Jabir ibn Hayyan, au wale walioandika kwa jina lake, kuna jambo linaloniliwaza. Kila metali kwao ina nje na ndani. Risasi kwa nje ni baridi na kavu, kwa ndani ni ya moto na yenye unyevu. Dhahabu kwa nje ni ya moto na yenye unyevu, kwa ndani baridi na kavu. Yaani risasi ni dhahabu iliyovaliwa kinyume. Fundi haongezi kitu kutoka nje, kazi yake ni kuigeuza. Mimi sijaona fundisho lenye huruma kwa binadamu kama hilo.

MWALIMU: Ni zuri, na si kweli. Risasi ina protoni 82, dhahabu 79. Tofauti yao ni protoni tatu, nazo haziondolewi kwa huruma. Ziliondolewa pale CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa kupitisha viini vya risasi karibu karibu kwa mwendo wa kasi mno. Mwaka 2025 watafiti wakatangaza hesabu yao: kati ya 2015 na 2018 vilitokea viini vya dhahabu bilioni 86 hivi.

SONARA: Uzito?

MWALIMU: Pikogramu 29. Gramu moja igawe mara trilioni, uchukue vipande 29.

SONARA: Mizani yangu isingeshtuka. Lakini mwanangu, wewe wa risasi, nikusaidie kidogo. Jiwe jeusi ni kipimo cha dukani. Kipimo cha wakubwa ni kingine: unafinyanga kikombe cha jivu la mifupa, unatia dhahabu yenye mashaka pamoja na risasi, unapandisha moto na kuacha hewa ipite. Risasi inaungua, inazolewa na kikombe, na shaba na takataka zote zinaondoka nayo. Kinachobaki ni tone la dhahabu na fedha, na fedha unaitoa kwa tindikali. Kwa hiyo risasi haikugeuka dhahabu. Risasi ndiyo iliyoisafisha.

MWENDA NJIA: Mzee wangu, umesema kitu kikubwa kuliko Jabir!

SONARA: Mimi nimesema habari za kikombe. Hayo mengine ni yako.

Nakiri nilimpenda Sonara kwa jibu hilo. Kila mjadala wa alkemia hufika mahali ambapo mtu anakamata jambo la karakana na kulikimbiza rohoni kabla halijapoa. Mwalimu naye alikuwa na mfano wake, na ulinasa pande zote mbili.

MWALIMU: Kuna mwanahistoria Mmarekani, Lawrence Principe, ambaye pia ni mkemia. Alijaribu kichocheo kilichoandikwa kwa jina la Basil Valentine, cha kutengeneza kioo cha rangi ya dhahabu kutokana na madini ya antimoni. Alitumia kemikali safi za maabara. Akapata donge la kijivu, tena na tena. Mwishowe akatafuta mawe yenyewe kutoka Ulaya ya Mashariki, kama kichocheo kilivyoelekeza, na kioo kikatoka, cha manjano na kinachopitisha mwanga. Kumbe mawe yale yalikuwa na chembe za kwazi ndani yake, na bila uchafu huo kioo hakifanyiki. Somo langu ni kwamba wale watu waliandika habari za vitu, na waliandika kwa ukweli. Ukisema kila neno lao lilikuwa fumbo la nafsi, unawanyang'anya kazi yao.

MWENDA NJIA: Na somo langu ni kwamba mtu aliyesafishwa mno hafanyiki kioo.

MWALIMU: Ni kwazi, dada! Si dhambi.

MWENDA NJIA: Nimekusikia. Lakini wakati mwingine nanyi muulize kwa nini mafumbo haya yanamwingia hata mtu wa sayansi. Carl Jung alipotoa kitabu chake cha saikolojia na alkemia mwaka 1944, ndoto nyingi alizozichambua humo zilikuwa za Wolfgang Pauli, mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Jung hata alimpeleka kwanza kwa daktari mwingine, mwanamke aliyekuwa bado mgeni kazini, ili yeye mwenyewe asizitie ndoto zile rangi.

MWALIMU: Halafu akachagua mwenyewe zipi aziandike, na mwenyewe akazitafsiri. Mlango wa mbele ameufunga, wa nyuma ameuacha wazi.

MWENDA NJIA: Basi twende China. Huko watu waliacha vyungu wenyewe, bila kungoja mabinti wa Uingereza. Zhang Boduan mwaka 1075 anaandika kwamba dawa unayoitafuta imo mwilini mwako: pumzi ni moto, mwili ni sufuria. Hii ni njia yenye walimu, vitabu na nidhamu, na ina karne nyingi.

MWALIMU: Na kabla ya hapo? Mfalme Wuzong wa nasaba ya Tang alikufa mwaka 846 baada ya kumeza dawa za uzima wa milele, wala hakuwa wa kwanza. Zilikuwa na zebaki na vitu vya sumu. Waliohamia mwilini walikuwa wameona majeneza. Nami nakuuliza bila mzaha: nyumbani kwako una nini?

MWENDA NJIA: Nina mtungi mdogo wa kukenekea. Mchaichai, karafuu, mrehani. Basi.

SONARA: Hapo sawa. Maana mimi nimewaona vijana wa machimbo ya Geita wakichoma zebaki kwenye kikaango ili ibaki dhahabu, na mama yuko pembeni ana mtoto mgongoni.

MWALIMU: Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Unaingia kwenye mapafu, unaharibu mishipa ya fahamu na figo. Nywele za Newton zilipopimwa mwaka 1979 zilikutwa na zebaki nyingi, na yeye alikuwa ameandika maneno karibu milioni moja juu ya alkemia.

SONARA: Yule wa tufaha?

MWALIMU: Yeye. Na kuanzia 1696 alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha kufulia sarafu cha mfalme, akiwasaka waghushi kwa bidii ya ajabu.

SONARA: Basi alijua kuna kipimo. Sasa mwanangu, nikuulize kitu kimoja niende zangu. Wewe ni mhasibu. Hesabu ukishazifunga, nani anazikagua?

MWENDA NJIA: Mkaguzi wa nje.

SONARA: Kwa nini si wewe? Unazijua kuliko yeye.

Sidhani kwamba Mwalimu, pamoja na protoni zake zote, alikuwa amefika karibu na hapo.

USTADHI: Ndiyo maana twarika zina sheikh. Na ndiyo maana Ghazali, kwenye hiyo kimia yake, hakuishia kwenye kuijua nafsi. Kuna nguzo nzima ya muamala: kula, ndoa, biashara, haki za jamaa na majirani. Nafsi yako ipimwe sokoni na nyumbani. Una mtu ambaye hamsemezani?

MWENDA NJIA: Mdogo wangu. Tangu shamba la baba ligawanywe.

USTADHI: Basi tanuri unalo.

Nilidhani tumemaliza. Mwenda Njia alikataa, na kukataa kwake ndiko kulikonibadilishia hukumu niliyokuwa nimeiandaa.

MWENDA NJIA: Hapana, Ustadhi. Hapo msinipitishe haraka. Mkisema nipimwe na watu wa nyumbani, mnajua mwanamke hupimwa kwa nini? Kwa utii. Nikinyamaza kuhusu shamba, ukoo mzima utasema nimekuwa dhahabu. Nikidai haki yangu, watasema nimerudi kuwa risasi. Na hata masheikh na walimu, wamo wanaompima mwanafunzi kwa kiasi anachowatumikia. Daftari langu lina upofu wake, nakubali. Lakini halipati faida mimi nikiwa mnyonge.

USTADHI: Umesema kweli. Wamo.

MWALIMU: Kwa hiyo tunarudi kwenye daftari?

SONARA: Haturudi. Jiwe jeusi halimjui mwenye mkufu. Halina shangazi. Atafute mtu wa namna hiyo.

MWENDA NJIA: Yupo, huenda. Mtu niliyesoma naye zamani, hana shamba kwetu wala hanidai. Sijawahi kumwonyesha ile barua.

SONARA: Mwonyeshe. Zote nne, si ile moja nzuri.

Baraza liliishia hapo, kwa kuwa Sonara alikuwa na mteja. Mimi kura yangu nampa Mwenda Njia. Ameonyesha kwamba njozi na tanuri vilikaa katika mtu mmoja tangu Akhmim, na barua isiyopelekwa ni kazi halisi, kwani wengi wetu tungeipeleka. Na Ustadhi ninatofautiana mahali pamoja: nadhani mtu anaweza kuanza kibandani kwake. Kumaliza humo humo peke yake, akajipa mwenyewe cheti kwamba wekundu umefika, hapo simfuati.

Kwa hiyo msomaji anayevutwa na njia hii, na ninajua mpo, tafuta kwanza wa kukupima kabla hujatafuta vitabu. Awe mtu asiyepata kitu ukiwa dhahabu wala ukibaki risasi. Mwalimu wa alkemia anayeanza kwa kutaja ada, au anayekutaka ukate watu wako wote ubaki naye, ana faida yake kwenye matokeo, na hafai kukupima. Mtungi wa mchaichai kaa nao. Zebaki usiiingize ndani ya nyumba yako, kwa jina la hatua yoyote ile.